Tilly Norwood Hawatishii Nyota, Anawatishia Wasio na Majina

Septemba 2025, kwenye mkutano wa watu wa filamu mjini Zurich, Uswisi, mtayarishaji wa Kiholanzi Eline Van der Velden alimzungumzia msichana aitwaye Tilly Norwood, akasema mawakala wa waigizaji wameanza kumtaka. Tilly hana mama wala baba. Ni sura iliyoundwa kwa akili mnemba na Xicoia, kampuni iliyochipuka kutoka Particle6 ya Van der Velden mwenyewe. Hollywood ikawaka. Chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kilitamka kwamba huyo si mwigizaji, ni mhusika aliyetengenezwa na programu iliyofundishwa kwa kazi za waigizaji wengi ambao hawakuombwa ruhusa wala kulipwa. Mwigizaji Emily Blunt alisema jambo hilo linamtisha. Tangu hapo ubishi wote umekwama kwenye swali moja: je, sura ya kompyuta inaweza kuwa nyota, na ikiwa inaweza, nyota wa damu na nyama watakwenda wapi?

Naona swali hilo linawahangaikia watu ambao hawamo hatarini. Jibu la kufaa tunalo tayari katika zama za filamu bubu, ile miaka takriban 30 kabla sinema haijapata sauti, wakati nyota, studio na mashabiki walipozaliwa na kugombana kwa mara ya kwanza. Ugomvi ule unaonyesha kwamba nyota huguswa mwisho, kwa kuwa mashabiki wanamjua kwa jina na matajiri wa studio wanaogopa mashabiki. Anayeguswa kwanza ni yule ambaye hakuna anayeuliza yuko wapi asipoonekana. Tilly Norwood akija kumla mtu mkate, atamla huyo, na atafanya hivyo wakati sisi bado tunabishana kuhusu nyota.

Mwaka 1908, mtu wa kawaida wa Marekani aliyelipa senti 5 kuingia kwenye chumba kidogo cha sinema aliona filamu ya dakika 10 au 15 isiyotaja mwigizaji hata mmoja. Kilichoandikwa ni jina la kampuni. Desemba mwaka huo kampuni kubwa ziliungana na Thomas Edison katika umoja wa kumiliki hataza, yaani haki za uvumbuzi, uliodhibiti kamera, projekta na hata mikanda mibichi, na bidhaa waliyoiuza ilikuwa chapa: mtazamaji apende Biograph, apende Vitagraph. Wanahistoria hawakubaliani kwa nini majina yalifichwa. Wapo wanaosema waigizaji waliotoka jukwaani waliona aibu kujulikana kwamba wanacheza sinema. Wapo wanaosema kampuni zilijua kwamba mwenye jina ataomba nyongeza. Nadhani yote mawili yalikuwepo, lakini la pili ndilo lililodumu, maana Biograph iliendelea kuficha majina hadi 1913, wakati aibu ya jukwaani ilikuwa imekwisha zamani.

Waliovunja ukimya huo ni watazamaji. Waliona uso uleule wiki baada ya wiki, wakaupenda, wakaanza kuandika barua kuuliza yule ni nani. Walipokosa jibu walimbandika jina wenyewe. Florence Lawrence akawa "Msichana wa Biograph", Florence Turner "Msichana wa Vitagraph", na Mary Pickford, mzaliwa wa Toronto, akaitwa "Mary Mdogo" na watu ambao hawakuwa na njia ya kumjua zaidi ya hapo. Februari 1911 likatoka gazeti la Motion Picture Story Magazine, na mwaka huohuo Photoplay likaanza Chicago. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa kusimulia visa vya filamu kwa maandishi, lakini wasomaji walijazana kwenye kurasa za maswali na majibu. Walitaka majina, walitaka kujua nani ameoa, nani ana miaka mingapi, nani alihama kampuni. Baada ya muda magazeti yale yakawa ya nyota, na visa vikasukumwa pembeni. Miaka 10 baadaye msichana maskini wa Brooklyn, msomaji wa magazeti hayohayo, alishinda shindano lao la 1921 na kuingia kwenye filamu. Huyo ni Clara Bow. Shabiki na nyota walikuwa karibu kiasi hicho.

Katikati ya njaa hiyo ndipo alipoingia Carl Laemmle, tajiri wa kampuni ya IMP aliyekuwa nje ya umoja wa Edison. Lawrence alipoachana na Biograph mwaka 1909, Laemmle alimchukua. Machi 1910 akalipia tangazo la kuwalaani maadui waliowazushia watu wa mji wa St. Louis kwamba Lawrence amekufa kwa ajali ya tramu. Watafiti wamepekua magazeti ya wakati ule bila kuuona uzushi huo, na inaelekea tangazo lenyewe ndilo lililouzaa. Kisha Laemmle akampeleka Lawrence St. Louis pamoja na mwigizaji King Baggot, na umati ukafurika kuwapokea. Kisa hiki husimuliwa kana kwamba Laemmle ndiye aliyebuni nyota. Sikubali. Kampuni nyingine zilikuwa zimeanza kutoa majina machache kabla yake, na hata zisingetoa, hakuna umati unaokwenda kituo cha treni kumwona mtu asiyemhusu. Mapenzi yalikuwepo kabla ya tangazo. Laemmle aliweka lango mahali watu walikuwa tayari wanapita, akaanza kutoza ushuru.

Bei ya jina ilipanda kwa namna ambayo matajiri walikuwa wameiogopa tangu mwanzo. Mary Pickford alianza Biograph mwaka 1909 kwa dola 10 kwa siku. Mwaka 1916 tajiri wa studio Adolph Zukor alimsainisha kwa dola 10,000 kwa wiki pamoja na nusu ya faida. Charlie Chaplin aliingia kampuni ya Keystone kwa dola 150 kwa wiki, na mwaka huohuo wa 1916 kampuni ya Mutual ikampa dola 10,000 kwa wiki na juu yake dola 150,000 za kusaini. Studio zilipoanza kunong'ona kuhusu kuungana ili kuirudisha chini mishahara hiyo, Pickford, Chaplin, Douglas Fairbanks na mwongozaji D. W. Griffith walianzisha kampuni yao wenyewe, United Artists, Februari 1919. Mkuu wa studio ya Metro, Richard Rowland, inasemekana alilalamika kwamba wendawazimu sasa wameshika uongozi wa hospitali. Katika miaka 10 tu, watu ambao hawakustahili hata kuandikwa kwenye mkanda walikuwa wanamiliki kampuni ya kusambaza filamu. Hawakuwa na hataza wala benki. Walikuwa na barua za mashabiki.

Kwa hiyo anaposema mtu leo kwamba nyota wa kompyuta ni jambo jipya kabisa, namkumbusha kwamba hii ndiyo ndoto ya kwanza kabisa ya biashara ya sinema: uso unaopendwa, usio na jina lake binafsi, usiosaini mkataba, usiohama kampuni. Na usioleta kashfa, maana baada ya mchekeshaji Roscoe Arbuckle kushtakiwa mwaka 1921 kwa kifo cha Virginia Rappe, studio zilianza kuingiza vifungu vya maadili kwenye mikataba. Arbuckle aliachiwa huru Aprili 1922, baraza la wazee wa mahakama likamwomba radhi kwa maandishi, na siku chache baadaye Will Hays, mkuu wa umoja wa studio, akamfungia hata hivyo. Tajiri aliyepitia mwaka ule angemkumbatia Tilly bila kufikiri mara mbili.

Hata wizi wa sura si mpya. Mwaka 1915 Chaplin aliitengenezea kampuni ya Essanay kichekesho kifupi kinachoikejeli hadithi maarufu ya Carmen. Alipoondoka, kampuni ikakirefusha maradufu kwa vipande alivyovitupa na matukio mapya yaliyochezwa na wengine, ikakitoa kama filamu yake. Alikwenda mahakamani akashindwa. Mwaka 1918 Essanay ikarudia, ikaunga mabaki ya kazi ambayo hakuimaliza ikauza filamu nyingine ya "Chaplin". Yaani kumchezesha mtu filamu ambayo hakuicheza kuliwezekana kwa mkasi na gundi, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Chaplin alijifunza, akaanza kudai kifungu cha kuzuia kazi yake isiguswe akishaikamilisha. Baadaye mwigizaji Charles Amador alipovaa kofia, masharubu na suruali pana akajiita Charlie Aplin, Chaplin alimshtaki, na mwaka 1928 mahakama ya rufaa ya California ikasema Amador anawadanganya watazamaji. Ushindi ule ulikuwa wa haki. Lakini tazama aliyeshinda: mtu maarufu kuliko karibu wote duniani, mwenye fedha za kulipa mawakili kwa miaka. Mwigizaji ambaye sura yake ilipita nyuma ya Chaplin kwenye eneo hilohilo asingefika hata mlangoni mwa mahakama.

Wanaomtetea Tilly wana hoja, na baadhi ni nzito. Kwanza wanasema nyota amekuwa uongo tangu zamani. Ni kweli. Studio ya Fox ilimtangaza Theda Bara kuwa mtoto wa jangwani aliyezaliwa kwenye kivuli cha sanamu kuu ya Misri, ilhali alikuwa Theodosia Goodman kutoka Cincinnati, na watu walijaza kumbi. Ila uongo ule ulivikwa mtu aliyekuwepo, ambaye angeweza kuuchoka na kuukana. Tilly hawezi kuukana wasifu wake. Pili, Van der Velden mwenyewe amesema Tilly ni kazi ya sanaa, awekwe kundi moja na katuni na vikaragosi. Hapa zama za filamu bubu zinampa ushahidi mzuri, kwani mmoja wa nyota wakubwa wa miaka ya 1920 alikuwa paka wa kuchora, Felix, aliyependwa kama mtu. Nakubali kabisa kwamba shabiki anaweza kupenda kisichopumua. Lakini nani alimchora Felix? Kwa miaka mingi jina lililotajwa lilikuwa la mwenye studio, Pat Sullivan. Otto Messmer, aliyekaa mezani akamchora na kumpa tabia, hakutajwa. Hata nyota wa kubuni ana wafanyakazi chini yake, na hapo ndipo jina lilipofichwa tena. Kwa Tilly waliofichwa ni wengi zaidi, maana ni wale ambao nyuso na miondoko yao ilifundishiwa programu.

Hoja ya tatu ndiyo inayonipa shida kweli. Mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov alieleza jaribio ambalo alichukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, hauonyeshi hisia, akauweka karibu na picha ya bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Watazamaji walisifu alivyoigiza njaa, huzuni na tamaa. Ikiwa hisia zinatoka kwa mtazamaji, uso wa mashine unatosha. Sina jibu la kuifuta hoja hii. Ninachoweza kusema ni kwamba Mozzhukhin alikuwa tayari nyota mkubwa nchini Urusi, na kwamba kumwelewa mhusika kwa dakika moja si sawa na kumfuata mtu kwa miaka, kumwandikia, kusimama barabarani siku ya mazishi yake. Rudolph Valentino alipofariki New York, Agosti 1926, akiwa na miaka 31, watu wanaokadiriwa kufika 100,000 walijaa nje ya nyumba ya maiti hadi vioo vikavunjika. Walikwenda kwa sababu alikuwa anakufa kama wao.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba hata sauti ilipoingia mwaka 1927 watu walipiga kelele, kisha wakazoea, na sinema ikapata faida. Anayesema hivyo anahesabu waliobaki tu. Filamu bubu hazikuwa kimya ukumbini. Kulikuwa na mpiga piano, mpiga kinanda, na kwenye kumbi kubwa bendi nzima. Sauti ilipofungwa kwenye mkanda, maelfu ya wanamuziki hao walipoteza kazi kwa miaka michache. Chama chao kilinunua nafasi kwenye magazeti mwaka 1930, kikachapisha michoro ya roboti anayepiga ala, kikiwasihi watazamaji wadai muziki wa watu. Hawakusikilizwa. Nyota waliongezewa mafunzo ya kutamka, wengine wakaanguka, wengine wakapanda, na kila anguko likaandikwa magazetini. Mpiga piano wa mtaa wa pili hakuandikwa popote. Watazamaji waliomsikia kila Jumamosi hawakulijua jina lake, wakamwachia aende. Tukisema "watu walizoea", tunasema kwamba tulizoea kutokuwepo kwake.

Linganisha na Japani. Huko filamu bubu zilikuwa na msimulizi aliyesimama kando ya pazia, benshi, akizitia sauti za wahusika wote na maelezo yake mwenyewe. Benshi walikuwa na majina. Mashabiki walichagua ukumbi kwa kumfuata msimulizi, wakati mwingine kuliko filamu. Sauti ilipofika waligoma, na ingawa mwishowe walishindwa, Japani iliendelea kutengeneza filamu bubu hadi katikati ya miaka ya 1930, muda mrefu baada ya Hollywood kuziacha. Gharama za mitambo zilichangia, lakini nguvu ya benshi kwa mashabiki wao ni sehemu ya maelezo hayo. Jina halikuwaokoa milele. Liliwapa miaka ya kujipanga, ambayo wapiga piano wa Marekani hawakuipata.

Na jina lenyewe huweza kupotea. Florence Lawrence, yule wa St. Louis, aliumia katika moto wakati wa kurekodi, na hakurudi tena alipokuwa. Miaka ya 1930 alikuwa kwenye studio ya MGM akicheza vijisehemu visivyotajwa, miongoni mwa umati. Alijiua Desemba 1938, na kaburi lake halikuwa na jiwe lenye jina hadi 1991. Kati ya watu waliopita kwenye eneo la kurekodi wakati ule, wangapi walijua wanapishana na nani? Namtaja kwa sababu anaonyesha umbali mfupi uliopo kati ya nyota na asiye na jina. Wanaodhani wametenganishwa na umati kwa ukuta watazame njia aliyoipita.

Hapo ndipo mjadala wa leo ungepaswa kukaa. Hollywood ilianzisha ofisi kuu ya kuajiri waigizaji wa umati tangu 1925, kwa sababu watu walikuwa wengi, wa bei ndogo, na rahisi kubadilishwa. Katika mgomo wa siku 118 wa mwaka 2023, SAG-AFTRA ilidai kwamba studio zilitaka kuwapiga picha za kompyuta waigizaji wa umati, kuwalipa siku moja, kisha kuitumia sura hiyo bila kikomo. Studio zilikanusha. Mkataba uliotoka ulidai ridhaa na malipo kwa nakala za kidijitali, waigizaji wa umati wakiwemo, na ukailazimu studio kukiarifu chama inapotaka kutumia mwigizaji wa kutengenezwa. Ulipangwa udumu hadi 30 Juni 2026. Ilikuwa kinga ya maana, lakini ilimfunika tu aliyefanya kazi chini ya mkataba huo. Mtu anayekaa meza ya nyuma kwenye tangazo la sabuni, anayetoa sauti ya tangazo la redio, anayesimama kama mfano wa mavazi, hana studio wala mgomo. Tilly hahitaji kuwa nyota ili amwondoe huyo. Anahitaji tu kuwa wa bei ndogo na wa kutosha.

Kwetu benshi hawajafa, ndiyo maana nasema jambo hili si la Hollywood peke yake. Katika vibanda umiza vya Tanzania, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu, filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani zilipata watazamaji kwa sauti ya Lufufu, na Kenya ina DJ Afro, ambaye mashabiki hutafuta filamu "ya DJ Afro" bila kujali nani ameicheza. Wenye majina kama hao wanaweza kudai. Nyuma yao kuna vijana wengi wanaotafsiri filamu kwa malipo ya siku, sauti zao zikizunguka kwenye simu na flashi bila jina lolote. Programu za kutia sauti ya Kiswahili kwenye video zipo tayari, na zinahitaji sauti za Kiswahili ili zijifunze. Sauti ambayo haina mwenyewe anayejulikana ndiyo rahisi kuchukuliwa, kama kipande cha mkanda alichokiacha Chaplin kwenye kabati la Essanay.

Sheria zipo za kuanzia. Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019, Tanzania ina ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, na zote mbili zinahusu kuchukua taarifa za mtu bila ridhaa yake. Hazitajitekeleza. Chama cha waigizaji au cha watafsiri wa filamu kinaweza kuanza na mambo mawili ambayo hayahitaji bunge: kila kazi itoke na majina ya wote walioonekana na kusikika, hadi wa mwisho, na kila karatasi ya kusaini iseme wazi kama sura au sauti hiyo itafundishiwa mashine, kwa malipo gani na kwa muda gani. Mwenye kibanda, mwenye kituo cha televisheni na mwenye chaneli ya mtandaoni wanaweza kukataa kazi isiyo na majina hayo. Shabiki naye anaweza kuandika kuuliza.